Mwayuma, Ulitoa Mulango wa Maji

Mwayuma mwenzangu,

Mimi njo huyu, mukubwa wako, muke mwenzako. Mukono unaoandika ni wa Zaina, mutoto wako, maana mimi kalamu siijui. Nimemuambia aandike vile nasema, hata pale nitakutukana. Ameanza kulia na bado sijasema kitu. Nimemuambia alie baadaye, karatasi isilowe.

Hapa Kasongo uliacha padogo. Sasa watu wanatoka Salamabila, wanatoka Wamaza, wanakuja na magodoro juu ya pikipiki, kila mutu anatafuta pa kuweka nyumba. Pale tulikuwa tunaokota uyoga iko mabati. Hata ule muuza mikate wa jino moja, unamukumbuka, amejenga nyumba ya matofali, na jino ni lile lile. Lakini sikukuitia mambo ya jino.

Nimekuitia bonde letu la mupunga. Bwana yetu alitugawia, wewe chini, mimi juu, tuta katikati. Watu walicheka: wake wenza kulima pamoja, kesho watapigana majembe. Hatukupigana. Mvua ikiwa kubwa, mimi nasimama juu napiga kelele, "Fungua," na wewe kule chini unakata tuta, maji yote ya karitie, mutaa wetu wote, yanapita kwako yanaenda zake mutoni. Ule mulango ulikuwa wako. Siku moja ulikata ukiwa na mimba ya huyu Zaina, tumbo kama sufuria ya arusi. Nikakukaripia. Ukaniambia: "Yaya, dada yangu, maji hayangojee mutu azae."

Na kwenye matanga ya bwana tulisema sisi wawili: hili bonde hatulitoe kwa mutu, njo linakunywa maji ya watu wote. Wewe njo ulisema wa kwanza. Mimi niliitika tu.

Basi, siku ya arobaini yako, wanaume wakakuja na kamba na vijiti, wanapima upande wako. Nikawafukuza na mwiko, nilikuwa napika wali wa wageni wako. Wakanionyesha karatasi. Chini iko kidole chako. Nikasema ni uongo, walimushika mugonjwa kidole, hakujua. Mwaka muzima nilikutetea, Mwayuma. Niligombana na watu sokoni kwa ajili yako. Mpaka jirani yetu, mama Sikujua, akachoka kunisikiliza, akaniambia yeye alikuwa pale. Ulikuwa umekaa kwenye kiti, na nguvu zako, unakunywa chai. Uliweka kidole, ukakipangusa na kitenge, ukasema: "Mukubwa asijue mpaka nife."

Hapa Zaina aliacha kuandika kwanza. Nilimungojea.

Sababu naijua. Walikuambia wakikata parseli, viwanja vya kujenga, moja itakuwa ya Zaina. Ulitaka mutoto apate pake. Si ungeniambia? Kwangu juu iko nafasi, ningemukatia. Ao uliniogopa? Miaka yote tunakula sahani moja, kumbe uliniogopa.

Sasa sikia kile ulifanya. Nyumba ya Zaina imekaa pale pale kwenye mulango. Zingine zimejipanga nyuma yake. Mvua ya juzi, maji yakafika, yakatafuta pa kutokea, yakakosa, yakarudia watu. Mimi huku juu nikapiga kelele, "Fungua." Mazoea ya kizee. Nani afungue? Tulimutoa Zaina kwenye dirisha, yeye na watoto, maji kifuani. Mbuzi wao alikufa. Kurani ya baba yake tumeianika kwenye jua, kurasa zimeshikana.

Na wale watu wa viwanja sasa wanakuja kwangu na biskuti. "Bibi, bibi." Wanasema tumwage udongo upande wangu, tukate parseli na huku, maji yataisha. Yataisha yaende wapi? Hata mutu hajasoma anaona. Nimefunga kidole changu na kitambaa, hata nikilala, wasije wakachukua alama yangu. Watu wanacheka. Wacheke.

Zaina amekubali. Sikumulazimisha, aandike hivyo. Ijumaa, watu wakitoka swala, tunavunja jiko lake na ukuta wa nyuma, tunachimba mufereji mpaka mutoni. Yeye na watoto watalala kwangu. Majirani wawili wataleta majembe. Wengine wananuna, wanasema tunaharibu karitie.

Wanasema marehemu hawekewi kinyongo. Mimi nimekuwekea. Juzi nilipalilia kaburi lako na sikukusalimia, uliona.

Lakini nakuahidi: upande wangu hautaona nyumba mimi nikiwa hai, hata nikibaki kulima peke yangu na haya magoti. Na mutoto wako hatalala tena ndani ya maji. Kwaheri, mwenzangu. Mvua ya kwanza ikipita vizuri, nitakuja nikae karibu yako, tuongee. Lakini utaanza wewe.