Nekesa Amechagua Kuuliza

Witeithie, Jumapili mchana

Mayi, mama yangu mpendwa,

Mulembe. Mguu wako unaendeleaje? Na ng'ombe, alizaa salama? Sisi tuko wazima, ila usingizi nimeusahau tangu huyu mtoto azaliwe. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu Baba hunikatiza.

Mayi, furahi: mdogo wangu Nekesa amechagua kozi ya chuo kikuu. Najua Baba ameshatangaza kanisani kwamba binti yake atasomea International Studies awe balozi. Hata mimi nilimsukuma huko. Yeye alitaka Liberal Arts, ile ya historia, lugha na dini kwa pamoja. Nikimuuliza, "Na hiyo inakupa kazi gani?" anambembeleza mtoto wangu tu.

Basi jana mama mkwe, Shosho wa watoto, akatoka Ngoingwa kuja kutuona. Unajua desturi ya kwao, watoto hupewa majina ya bibi zao: msichana wetu wa kwanza alipewa jina lake, huyu wa pili apewe lako. Nikamwambia umekataa, kwamba kwetu kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni kama kumwambia mwenye jina aondoke duniani. Shosho akaweka kikombe chini. Nikajua siku imeharibika.

Nekesa akaingilia. Hakubishana. "Shosho, uliposikia mtoto ameitwa jina lako, ulihisi aje?"

Mama huyo akacheka mpaka machozi. "Ngai! Nilihisi nimezaliwa tena!"

Nekesa naye akamweleza ya kwetu, taratibu, mpaka chai ikapoa. Shosho akaelewa unaogopa nini.

"Sasa huyu si balozi tayari?" akaniambia.

"Hapana, Shosho," Nekesa akasema. "Balozi hutumwa kusema. Mimi nataka kuuliza."

Nikampa simu yangu, akatuma ombi la Liberal Arts palepale, akaruka kwa furaha na mtoto mkononi. Nimemwambia, ukianza utamaliza, na usiniambie umechoka. Aliyechoka hapa ni mimi.

Mwambie Baba polepole, akishakula. Ya kozi yameisha, asiyafufue.

Msalimie kaka mdogo, na shangazi mshonaji: gauni limemtosha mtoto vizuri.

Kuhusu jina, Shosho amesema hatakulazimisha, atangoja neno lako. Lakini leo asubuhi Nekesa amemwita mtoto kwa jina lako, Naliaka, kujaribu tu. Mayi, amegeuka akacheka, hana hata jino moja.

Ni mimi binti yako,
Nafula