Nahodha wa Chombo Changu ni Mama

Nairobi, Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje baada ya kuchuma kahawa? Mimi ni mzima, ila kazi sina tena, na nataka ulisikie kwangu kabla Mjomba hajakuletea ya kwake.

Ile hadithi yangu ya familia inayohamia sayari ya mbali kwa chombo chao wenyewe, niliimaliza. Nikampa mhariri wa kampuni ya vitabu nilikokuwa napiga chapa. Akaniita mbele ya wenzangu.

"Haika, hadithi za anga zina watu wake," akasema. "Baba ndiye nahodha. Kuna profesa mwenye nywele timutimu, kijana shujaa, na binti wa kuokolewa. Wewe umempa mama usukani! Mrudishe jikoni, nitaichapa."

Nikamwuliza, "Na hewa ikikatika, nani ataingia kwenye bomba kulizibua?"

"Baba."

"Baba yao amekufa, mzee. Ukurasa wa kwanza."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mama, sura ile ya bomba sikuibuni. Ni wewe, mwaka ule tulipomzika Baba, wazee wa mfongo wakatufungia maji ya mfereji, eti mwanamke hafiki kwenye banio yanakogawiwa. Ulipanda na jembe mchana kweupe, ukafungua, ukakaa palepale mpaka migomba yetu ikanywa. Mimi nilikuwa nimeshika kanga yako. Leo nimfute mtu huyo kwa sababu vitabu vya wengine havimjui?

Nilichukua mswada wangu nikatoka. Kesho yake nikakuta mtu mwingine kwenye meza yangu.

Sasa napiga chapa barua za watu kwa taipureta ya kukodi, barazani kwa fundi cherehani. Chakula napata. Na gazeti dogo la Kiswahili limekubali kuitoa hadithi sura kwa sura, mama akiwa kwenye usukani.

Mjomba ameniandikia nikaombe radhi. Mwambie siombi. Na nyumbani sirudi mpaka wale watu wangu wafike kwenye sayari yao.

Nisalimie Bibi, mpe pole ya macho. Msalimie dada Ndeshi. Yeye ni mwalimu, akiona vyema awasomee watoto hadithi hiyo darasani. Mama mkubwa anayepeleka ndizi Holili, pale mpakani, ndiye atakayekuletea gazeti.

Nahodha nimemwita Aikande, jina lako. Likikukera niandikie, nitakusoma kwa heshima zote. Kubadili, sibadili.

Mwanao asiyekusahau,
Haika