Lenzi ya Kumwona Salimu

Mama mpendwa, shikamoo. Huku Tanga tu wazima, ila joto hili silo la Lushoto.

Ulitaka picha ya Salimu akidaka mpira, uuone uso wake. Mwenye duka la kamera ameniazima lenzi mbili nizijaribu uwanjani Makorora, kisha ninunue moja. Ile fupi ni nyepesi, lakini yataka nisimame nyuma ya goli, na Salimu hataki mtu pale. Anaogopa kumwagiwa dawa ya uchawi langoni. "Hata wewe, kaka, rudi kule!" akanifokea mbele ya watu.

Nikarudi mbali, nikafunga ile ndefu. Ni nzito, kamera ikawa inayumba. Muuza kashata mmoja akacheka: "Mzinga huo, baba, unamlenga nani?" Lakini akanipa kiti chake niegemeze kamera. Hapo uso wa Salimu ukanijia karibu kama tunakula sahani moja. Shingoni amefunga ile skafu ya sufu uliyomfumia, uliyohofia ameshaigawa. Katika joto hili, Mama!

Nimechukua ile ndefu. Picha ikisafishwa utajionea. Mungu akutunze.

Mwanao, Hamisi