Sauti za Bwana Pell

Sharpstown, Houston
9 Februari 2025

Shangazi mpenzi, shikamoo. Mimi mzima wa afya, ila moyo ndio haujatulia. Goti linasemaje na baridi ya huko Garland?

Kazi nimepata: kumwangalia mzee wa Kiingereza, Bwana Godfrey Pell, miaka themanini na minane. Alikuwa mwigizaji. Si wale ambao sura zao zinabandikwa ukutani. Yeye alikuwa mtu wa pembeni: mnyongaji, daktari mwenye sindano ya sumu, jirani anayezika maiti bustanini. Alianza kwa kufagia jukwaa mjini Leeds, akaigiza miaka sitini. Mkewe alipofariki, binti yake Helen akamleta huku.

Sasa akili inamtoka, na wale watu wote wamebaki ndani yake. Asubuhi ananiita "binti yangu". Nikirudi na chai, macho yamebadilika: "Unajua nimenyonga wanawake wangapi?" Shangazi, nafanya kazi mgongo ukiwa ukutani.

Mwanao,
Hamdiya

Garland
13 Februari

Hamdiya mwanangu, marahaba. Goti linauma, lakini kazini naenda. Jana nilimtafuta mzee wako kwenye simu, nikamwona katika filamu. Anamkaba mtu kwa soksi huku anatabasamu! Nikazima, nikawasha taa zote. Akianza mambo yake, toka nje. Usibishane naye.

Shangazi yako,
Intisar

Sharpstown
2 Machi

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu sauti haitoki.

Jana nilikuwa jikoni nakata papai. Kumbe Bwana Pell amewapigia polisi, kwa sauti ya mtu anayekufa kweli: "Ana kisu. Ameshamuua mke wangu." Mimi nilisikia mlango tu, halafu bunduki mbili usoni. "Tupa kisu!" Shangazi, vidole havikunisikia. Kisu kilikataa kutoka mkononi. Nikasoma shahada kimoyomoyo. Kilipoanguka, wakanilaza sakafuni, wakanitia pingu.

Mzee akaja na mkongojo wake, akatusimamia, akawaambia polisi kwa upole: "Turudie. Huyu dada hajaogopa vya kutosha."

Hapo ndipo walipoelewa. Helen alipofika alilia kunishinda. Wameniachia, lakini tangu jana nimejifungia.

Mwanao,
Hamdiya

Garland
3 Machi

Usirudi kule! Salamu tutapeana ukifika hapa. Ghalani ninakofanya kazi wanatafuta watu. Mwanangu Muzammil atakufuata kwa gari Jumamosi. Funga nguo zako.

Shangazi yako,
Intisar

Garland
11 Machi

Hamdiya, uko salama? Muzammil amegonga mlango wako mpaka majirani wakatoka. Wanasema hawajakuona. Nijibu hata neno moja.

Shangazi yako,
Intisar

Sharpstown
12 Machi

Shangazi, shikamoo, na unisamehe. Ni mzima. Nilikuwa kwa Bwana Pell. Nilijua utanikataza, nikaogopa kujibu.

Nilikwenda kuchukua viatu na koti langu tu. Nikamkuta kitandani, amevaa suti, tai imepinda. Helen akaniambia tangu asubuhi amekataa kula. Mzee akanishika mkono. Sauti aliyotoa haikuwa ya mnyongaji wala ya daktari. Ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia.

"Binti, leo mimi ni nani?"

Nikamwambia, "Wewe ni Godfrey. Uko nyumbani kwa binti yako."

"Huyo sijawahi kumwigiza," akasema. "Maneno yake sina."

Nikaketi naye. Baadaye akala uji kidogo.

Usimtume tena Muzammil, nimerudi kazini. Helen ameondoa simu, visu anavifungia. Lakini sitakudanganya, shangazi, hofu haijanitoka. Kila asubuhi nasimama nje ya mlango wake, natega sikio, nijue kwanza ni nani aliyeamka.

Mwanao,
Hamdiya