Mwalimu Isdori Alilala Barazani

Mollo, Sumbawanga
12 Julai 1995

Kaka Wilibrodi,
Kasesya.

Shikamoo, kaka. Nakuamkia kwa sababu Mama alitulea hivyo, wala usidhani kuna heshima nyingine iliyobaki. Natumaini upo salama huko mpakani na biashara zinakwenda. Sisi huku tunapigana na baridi. Mama pale Pito ana kikohozi kidogo, lakini hakubali kukaa ndani. Ulezi wake umeshakatwa na sasa anapura.

Barua yako niliipokea mkononi mwa Frank, yule dereva wa lori. Unataka niandike masahihisho katika gazeti la tawi letu la chama cha walimu, niseme kwamba habari za Mwalimu Isdori nilizipata vibaya. Tena unanikumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Jibu langu ni kwamba siandiki hata nukta. Na kwa kuwa naona huko uliko umeanza kusahau, nitakueleza mwenyewe ulichokifanya.

Nani alisimama mwaka juzi, tawi likiwa changa, akasema ni aibu mwalimu anayepanda kutoka bondeni kuja hospitali kulala stendi kama mzigo usio na mwenyewe? Ulikuwa wewe. Tulikupigia makofi, tukakufanya mwenyekiti, na Mwalimu Isdori, aliyekufundisha shuleni, ndiye aliyetaja jina lako kwanza. Tukafyatua matofali kila Jumamosi. Mimi na Minza, mwalimu mwenzangu, tulibeba maji kutoka mtoni mpaka nywele zikatunyonyoka utosini. Isdori, mzee yule, aliteremsha mbao za mninga kutoka kwenye lori la samaki, akazipiga randa mwenyewe. Tukapata chumba chenye vitanda na rafu ya vitabu vya kuazimana, na ile mashine ya stensili ninayochapia gazeti nikaitunza kwangu. Ufunguo ukakaa kwako.

Ndipo nikaanza kuandika katika kila toleo, chini ya habari za uhamisho, likizo ya uzazi na misiba, kwamba mwanachama yeyote anayekuja hospitali ana mahali pa kulala mjini. Walimu wa bondeni walinisoma wakaniamini. Isdori alikuja kwa neno langu, kaka. Hilo ndilo linalonichoma.

Kumbe wewe ulishampangishia Clemens, yule mfanyabiashara wa mpakani, chumba kile aweke sabuni, mafuta ya kula na betri zake zinazovuka kutoka Zambia. Hukumwambia mtu. Vitanda ukavihamishia usikotaka kusema, vitabu ukavirundika nyuma chini ya mchirizi wa bati, vikaoza. Nilipokuja kukuuliza baadaye ulinicheka. Ulisema, “Justina, huu ni wakati wa soko huria. Hata serikali imeacha kugawa vya bure, itakuwa mimi?” Vya bure! Matofali yale uliyafyatua wewe peke yako?

Isdori alipanda mlima mwezi uliopita, kifua kinambana, juu ya magunia ya samaki wakavu. Ametoka kwenye joto la bondeni na koti moja jepesi, akafika mjini jua linazama, upepo wa kwetu huu umeshaanza kukata masikio. Akakuta kufuli. Akalala barazani, juu ya saruji.

Asubuhi Minza alipita pale kuazima vitabu vya darasa la kwanza. Alimkuta ameketi ameegemea ukuta, midomo imekuwa kama majivu, anataka kutaja jina lake mwenyewe na halitoki. Alinifuata mbio. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa muuza viazi, Minza akisukuma na mimi nikimshika kichwa kisigonge mbao. Daktari alisema kifua kilikuwa kibovu tangu zamani, ila baridi ile ndiyo iliyommaliza. Hakuvuka wiki. Siku moja kabla hajakata kauli aliniuliza taratibu kama vitanda vyetu vimeibwa. Nilimfunika vizuri nikatoka nje.

Na mazishini ukasimama. Wewe! Ulitoa leso, ukalia mbele ya mjane wake, ukasema kwamba laiti ungejua mwalimu wako amefika mjini ungembeba mgongoni mpaka kitandani kwako. Watu waliguna kwa huruma. Nami nilikuhurumia, nakiri. Nilidhani kosa lako ni tamaa tu.

Kwa hiyo gazeti langu liliandika jambo moja: kwamba chumba cha walimu kimefanywa ghala, na mwanachama amelala nje akafa. Hukukanusha kwa hoja. Ulizunguka shuleni kusema kwamba mwanamke asiye na mume hana wa kumfunga mdomo. Ukaenda kwa wakubwa wako wa elimu kuomba nihamishiwe bondeni. Walimu walipoanza kukusimamisha njiani na kukudai maelezo, ukapanda lori, ukakimbilia Kasesya, ukanitumia neno la damu na maji.

Sasa nisikilize vizuri.

Jumapili baada ya misa nilimkuta wifi Herieth ameketi mlangoni kwangu na watoto wako wote, na sanduku lake la nguo. Nilidhani pana msiba. Alisema msiba upo, ila yeye ameuficha moyoni mpaka umemshinda. Kisha akanieleza.

Isdori hakwenda moja kwa moja barazani. Baada ya kukuta kufuli alikuja kwako kuomba ufunguo. Mlikuwa mezani. Ulichungulia kwenye pazia, ukamtambua, ukamnong'oneza mkeo aseme umesafiri. Herieth akafungua mlango nusu akasema hivyo. Mzee akamshukuru, akamwomba akusalimie ukirudi, akasema atarudi kujikunja kwenye baraza ya chumba cha walimu mpaka kuche. Wifi alirudi ndani akachukua blanketi amkimbilie. Ulimnyang'anya, ukapiga komeo, ukasema, “Huyu akipata leo, kesho watakuja wote.”

Kaka, ulijua. Ulikula ugali wako ukijua. Ulilia mazishini ukijua.

Herieth alinyamaza kwa kuogopa kipigo, na kwa kuwa kwao Mbeya ni mbali. Sasa haogopi. Nilimwita Mama, akaja kwa miguu, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Wifi alipomaliza, Mama alimuuliza swali moja tu kwa Kifipa, kama ana hakika lile blanketi ulilishika kwa mikono yako. Herieth akasema ndiyo. Mama akafunika uso kwa kanga, kisha akasema kwamba kwenye mkutano atakaa upande wa mkwewe.

Mkutano wa tawi ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Mjane wa Isdori anakuja. Herieth atasema mbele ya wote aliyoniambia mimi, nami nitayaandika kama atakavyoyatamka. Mwambie na Clemens kwamba jana tulivunja kufuli. Katoni zake ziko nje chini ya turubai, aje kuzichukua kabla ng'ombe hawajazila. Tumetandika mikeka humo ndani, na Mwalimu Yonas wa bondeni, aliyeleta mtoto hospitali, amelala hapo.

Mama hana salamu za kukupa. Minza naye hana, kwa hiyo usizingojee. Watoto hawajambo, wanakula vizuri, na mdogo wao Kristiana anauliza kila jioni baba yake atarudi lini. Nimemwambia sijui. Ukiamua kuja, pitiliza mkutanoni. Nyumbani kwako usihangaike kupiga hodi, hakuna mtu wa kukufungulia.

Mimi, ndugu yako kwa kuzaliwa tu,
Justina