Kinyozi Aliyenyimwa Kichwa cha Mwanawe

Jumamosi, 7 Machi
Saluni imejaa kama kawaida. Mtaa wetu wote wa Mutakura unataka kunyolewa kabla ya misa. Alasiri zamu ya Yvan, mwanangu, miaka kumi na tano. Nyumbani siku hizi haongei. Kwenye kiti changu huongea. Leo nimeona vinywele kidevuni mwake. Nikawatangazia wateja: jamani, mzee amefika, mpisheni. Wakacheka. Yvan akavua kitambaa, akakitupa chini, akapiga mlango teke, akaenda zake na kichwa kimenyolewa nusu. Wakacheka tena. Na mimi, kidogo.

Jumapili, 8 Machi
Amekuja misa kichwa kimemalizwa. Vizuri sana, hata pembeni. Kazi ya Hamisi, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Nimesali vibaya.

Jumatano, 11 Machi
Nimemwita, nikamhubiria heshima. Akapiga ukuta ngumi. Mkono ukavimba. Niliogopa. Nilitaka kuushika ule mkono. Nikaendelea kufoka, maana ndicho nilichokuwa nimeanza. Mama yake ndiye aliyeukanda kwa maji ya chumvi. Baadaye akaniambia: yule binti aliyeleta mdogo wake kunyolewa Jumamosi anasoma darasa moja na Yvan.
Nilimwona. Nilipandisha hata sauti ili naye asikie. Punda mimi.

Jumamosi, 14 Machi
Alasiri, saa ya Yvan, kiti nimekiacha wazi. Mteja alipotaka kukaa nikamdanganya ni kibovu. Yvan alipita ng'ambo, hakugeuka. Zamani alinisimulia mpira, walimu, uongo wake wote, mimi nimeshika kichwa chake. Nina hamu naye, na tunakula meza moja.

Ijumaa, 20 Machi
Hamisi kaja kuazima mafuta ya mashine. Akasema, "Ule mutoto wako kwangu hasemi kitu. Anafunga macho tu." Nimefurahi. Kisha nikaona haya kwa kufurahi.

Jumapili, 22 Machi
Mchana Yvan ameniomba mashine ya kunyolea. Nimempa, sikuuliza. Akajinyoa mwenyewe uani, kwa kioo cha mama yake. Vibaya kabisa, nywele ngazi tupu. Utani ulinijaa mdomoni, mtamu sana. Nikaumeza. Mwishowe akaninyooshea mashine bila kunitazama.
"Papa, nyuma sifikie. Lakini apana kuongea."
Nikamnyoa shingoni. Polepole kuliko kazi ilivyotaka. Kichwa kilikuwa cha moto kwa jua. Nilipomaliza sikutoa mkono. Naye hakusimama, kwa kitambo.