Uliuliza Tu, Mdogo Wangu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi, tena za moto moto, kutoka kwa dada yako. U hali gani huko ugenini? Mgongo unaendeleaje? Na shemeji yangu, bado anakoroma hadi majirani wanalalamika? Sisi huku wazima wote. Mama anakula vizuri, presha imetulia, na ulimi wake ndio hivyo tena, haujazeeka hata kidogo.

Simu zangu hupokei, na kwenye kundi la ukoo umejitoa. Basi nimeshika kalamu. Najua ni kwa sababu ya ile picha. Hebu kaa nikusimulie alichofanya mwanangu, maana naona ulikimbia kabla hujasikia.

Unamjua Nani-Kasema wangu. Jina tulimpa wenyewe, kwa kuwa tangu anaota meno ya pili, ukimwambia kitu anakuuliza, "Nani kasema?" Sasa anasoma habari redioni, mdogo wangu! Sauti yake inasikika sokoni, inasikika hata kwa fundi viatu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kile kichwa ni changu. Baba yake anadai kimetoka upande wao, tumwache aote.

Siku ile ulipotuma picha ya lori lililopinduka, uliandika, "Jamani, hili si lori la kaka?" Kosa liko wapi hapo? Hata mimi niliona ni lake: rangi ileile, turubai lilelile. Kaka naye simu haipatikani. Binamu yetu kinyozi akaandika kwamba lori la kaka limeanguka. Shangazi akaongeza kwamba kaka yupo mahututi. Hatujamaliza chai, tayari watu nisiowajua wananitumia sauti za pole, na picha ya kaka imewekewa mshumaa pembeni. Kila nikigusa simu, msiba. Nikaamini. Wangekuwa waongo wote hao?

Jirani yetu msusi akaingia na viti vya kuazima, akataka twende chumbani tukamwambie Mama. Mama na moyo wake ule! Nani-Kasema akavuta kigoda, akakaa mlangoni kwa bibi yake.

"Mama, kama ni kulia, lilia jikoni," akaniambia. "Huku bibi atasikia."

Msusi akawaka. "Unamficha mzazi msiba wa mwanawe? Redio imekupanda kichwani, wewe!"

"Wewe umemwona mjomba?"

"Sijamwona, lakini dunia nzima inasema."

"Basi katika dunia nzima nitajie mmoja tu aliyekuwepo."

Kwao redioni ndivyo wanavyofanya kazi: habari ya kifo haisomwi mpaka apatikane mtu aliyeona kwa macho yake. Akaanza kuwapigia mmoja mmoja. Wewe umepata wapi? Na wewe? Kila mmoja aliapa kwamba kasikia kwa mtu mwingine, lakini wote ukiwafuata nyuma unaishia kwenye picha ileile. Hata mwanangu mwenyewe hakuwa na uhakika. Ingekuwa kweli, basi alikuwa anamzuia bibi yake kumlilia mwanawe, na ukoo usingemsamehe.

Akatafuta namba ya mizani, pale malori yanapopimwa uzito, ambako kaka alitakiwa kupita. Karani akasema dereva huyo yupo kwenye foleni, mzima. Mimi nikarusha mikono juu! Mwanangu wala hakutabasamu. Habari njema nayo aliigomea! "Samahani, umemwona au umeambiwa? Naomba umpelekee simu." Tukasubiri, karani anahema, anatembea katikati ya injini zinazonguruma. Halafu ikaja sauti ya kaka, kavu kama kawaida yake:

"Nani kafa? Mimi? Mbona sijaambiwa!"

Simu yake iliisha chaji tu. Lile lori lilikuwa la watu wengine kabisa, Mungu awasaidie wenyewe. Nilicheka, nikalia, nikakaa sakafuni. Msusi akaanza kukusanya viti vyake, eti yeye tangu mwanzo alikuwa na shaka. Muongo yule! Na Mama akatoka chumbani kuuliza nani anapiga kelele wakati yeye anasikiliza redio.

Sasa nisikilize vizuri. Baadaye kwenye kundi walianza kukusema wewe, kwamba ndiye chanzo. Mwanangu akawakatiza palepale: "Mama mdogo aliona kitu akauliza. Ni sisi tuliojibu bila kujua." Mdogo wangu, hata shangazi mwenye domo lake lile akafuta alichoandika! Nilisoma maneno yale nikajisikia nimezaa.

Kwa hiyo aibu unayojificha nayo huko si yako. Irudishe kwa wenyewe.

Nisalimie shemeji na mapacha. Shangazi anakusalimu, japo anaona haya kupiga. Kaka anasema hata marehemu ana hamu ya kusikia sauti yako. Mama anakuombea mchana kutwa. Mungu akupe afya, akutulize moyo, akuzungushie watu wema.

Rudi kwenye kundi, na ukiona kitu usichokijua, uliza tena.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Mama wa mtangazaji